Saa kumi na moja na nusu: kisa cha kikao kimoja cha klabu ya anga, Mombasa

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wanaoendesha klabu za kujitolea, hasa zile ambazo mwanafunzi wa sekondari na babu mwenye wajukuu huketi kikao kimoja. Kilitokea Mombasa mwaka 2025. Jina la klabu, la kituo na la ufuo nimeyaondoa, na wahusika nimewaita kwa nafasi zao: Katibu, Mwalimu, Mzee na Binti. Wote wanne wameyasoma au kusomewa maandishi haya kabla hayajatoka, na Binti aliyasoma akiwa na mamake. Mwenyekiti wa kikao chenyewe nilikuwa mimi.

Usuli

Klabu yetu ina wanachama ishirini na kitu. Tunakutana Jumamosi mbili kwa mwezi, baada ya swala ya Alasiri, kwenye chumba cha mafunzo cha kituo kidogo cha elimu ya anga. Mna viti vya plastiki, ubao mweupe, ramani ya nyota iliyopauka kwa jua la dirishani, na darubini moja ya kioo cha sentimita 15 iliyokalia kitako cha mbao alichotuchongea seremala wa mtaani. Hakuna anayelipwa. Tunakwenda mashuleni, kwenye madrasa na viwanja vya mitaa, tunawaonyesha watu mwezi na sayari, tunarudi nyumbani usiku na vumbi viatuni.

Katibu ni kijana anayefanya kazi na wakala wa kutoa mizigo bandarini. Ana bidii isiyo ya kawaida, na bila yeye klabu isingefika mwaka wa pili. Mwalimu hufundisha fizikia. Mzee amevua samaki zaidi ya miaka arobaini. Chati ya nyota haimwambii kitu, lakini Kilimia, kile kikundi cha nyota, anakijua, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, yanaposogea kidogo, anazo kichwani. Binti yuko kidato cha tatu, na ana daftari anamoandika kila mara kituo cha kimataifa cha anga za juu kinapopita juu ya mji. Saa za mapito hayo anazipata kwa saa ya kimataifa, ile inayoandikwa UTC, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kwake kuongeza tatu ni kama kuhesabu chenji ya matatu.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulikuwa upatwe wote, na Afrika Mashariki nzima ilikuwa mahali pazuri pa kuuona. Tuliazimia kuwaalika watu ufuoni. Kwa klabu yetu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya.

Kikao

Tulikaa wiki mbili kabla ya tukio. Ajenda zilikuwa saba, na tukio la mwezi liliwekwa la saba kwa sababu lilionekana limekwisha kuamuliwa, limebaki saa na mahali tu.

Ajenda ya nne ilikuwa fulana za klabu, na hapo ndipo muda ulipopotelea. Upande mmoja ulitaka mgongoni ichorwe setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na iliondokea pwani hii hii. Upande wa pili ulitaka Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023, hata kama roketi yake iliondokea California. Ubishi ulikuwa mzuri, na nakiri niliufurahia. Ulikula dakika arobaini na tano.

Tulipofika ajenda ya saba, dirisha lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu na watu wanatazama simu zao.

"Kupatwa kote kunaanza 17:30," Katibu akasoma.

"Hiyo ni saa ngapi yetu?" Mwalimu akauliza huku akifunga zipu ya mkoba.

"Saa kumi na moja na nusu jioni."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Hesabu ya Katibu haikuwa na kasoro kwa mtu aliyedhani kwamba 17:30 ni saa ya hapa. Pale alipoisoma, kwenye tovuti, pembeni mwa safu, palikuwa na herufi tatu ndogo: UTC. Kupatwa kote kungeanza 20:30 kwetu, yaani saa 2:30 usiku.

Mzee alisema kwa sauti ya chini, "Mwezi wa kumi na nne, saa kumi na moja? Utatokea wapi?" Wawili watatu wakacheka, wakidhani ni mzaha wake wa siku zote. Hakurudia. Akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu chini ya kiti.

Binti alikuwa ameandika kwenye ukingo wa ukurasa wake: 17:30 + 3. Daftari hilo nimelishika mkononi baadaye. Chini ya hesabu hiyo amepiga mstari mara mbili, na wino umetoboa hadi ukurasa wa pili. Nilimwona akiinua kalamu kidogo, kama anayeomba ruhusa, kisha akaishusha. Nilimwona na sikumwita.

Adhana ya Magharibi ikaanza. "Kuna mwenye la ziada?" niliuliza, na tayari nilikuwa nimesimama. Kimya. "Basi tumekubaliana."

Wiki mbili za matangazo

Bango lilitoka siku ya pili yake: njooni saa 11 jioni, mwezi utapatwa saa 11:30. Likasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya Likoni, Kisauni na Changamwe, ya wazazi, ya madrasa, ya vijana wa mpira.

Kosa lilipata nafasi nyingine ya kukamatwa. Ijumaa mzazi mmoja aliandika kwenye kundi kwamba redioni amesikia ni saa mbili na nusu usiku, je, ni ipi? Katibu akajibu kwa adabu kwamba saa ilijadiliwa na kupitishwa kikaoni. Sikuona ubaya wa jibu hilo. Kumbukumbu za kikao zilikuwa na saa hiyo, na zilikuwa na sahihi yangu.

Asubuhi ya Jumapili, kama saa 4, mimi na Katibu tulikwenda kuukagua ufuo. Maji yalikuwa yamekupwa hadi kwenye mwamba, na mchanga umetandaza kama uwanja wa mpira. Tukachagua pa kuweka darubini, chini kidogo ya mivinje, tukachomeka kijiti cha alama.

Jioni ya Jumapili

Saa 11 kasoro watu walikuwa wameshaanza kuteremka kwenye matatu na tuktuk. Kufikia saa 11 na robo walizidi mia: akina mama na watoto wachanga mgongoni, darasa zima la madrasa na kanzu zao, familia zilizovuka kivuko kutoka Likoni. Muuza viazi karai alikuwa ameleta karai la pili.

Kijiti chetu hakikuonekana. Lilikuwa bamvua. Maji yalikuwa yamejaa alasiri na ndiyo kwanza yanaanza kupwa, mawimbi yanapiga ukuta pale pale tulipopanga kusimamisha darubini. Jua lilikuwa bado juu ya minazi nyuma yetu. Mbele, baharini, hapakuwa na mwezi.

Binti alinijia akiwa ameshika daftari kwa mikono miwili. "Shikamoo, ami. Ile saa si yetu. Ni ya UTC." Alinionyesha ukurasa. Sikuhitaji kusoma mara mbili.

Maamuzi ya ufuoni, na sababu zake

Tulijitenga nyuma ya tuktuk iliyoegeshwa, sisi watano. Mwalimu alishauri tuwashughulishe watu kwa mihadhara mpaka mwezi uanze kuliwa, bila kusema kitu. Kwa hesabu sahihi, hiyo ilikuwa saa 1:27 usiku. Mwanachama mwingine alitaka tuseme tovuti ndiyo iliyokosea. Nilikataa yote mawili. La pili lilikuwa uongo. La kwanza lilinipa shida zaidi, kwa sababu lilikuwa linawezekana. Lakini mama mwenye mtoto wa miaka miwili ana haki ya kuamua mwenyewe kama atakaa saa tatu ufuoni au atarudi kumlisha. Ukimficha saa, umemwamulia.

Nikachukua kipaza sauti. Nilisema tumekosea kwa saa tatu, na kosa ni letu. Nikataja saa zote kwa Kiswahili: utaanza kuliwa saa 1:27, utafunikwa wote saa 2:30, utaanza kufunguka saa 3:52, na utakuwa umemalizika saa 4:56. Nikaongeza jambo ambalo nadhani ndilo lililowasaidia wengi: kupatwa kwa mwezi hakuhitaji darubini wala miwani na hakudhuru jicho, kwa hivyo anayetaka kurudi atauona vile vile uani kwake, mwezi ukiwa upande wa mashariki.

Uamuzi wa tatu haukuwa wangu. Mzee alinishika mkono akasema, "Darubini ipandisheni huku juu kwa sasa. Hamjakosa mchanga, utakuja wenyewe. Maji yanatoka, na isha ikisha mtapata nafasi mpaka mchoke." Nikampa kipaza sauti yeye. Akawaeleza watu kwa nini maji yamejaa hivyo siku ya mwezi mpevu, na kwamba mwezi wa kumi na nne hutoka baharini wakati jua linazama nyuma ya minazi, hautangulii. Alisema wakae watazame ule mstari wa maji. Watoto wa madrasa wakajipanga ukutani.

Matokeo

Zaidi ya nusu waliondoka. Wengi waliondoka kwa amani, si wote. Mama mmoja wa Likoni aliniambia uso kwa uso, "Ningejua, ningemlaza huyu mchana." Alikuwa na haki. Nauli ya watu wanne, kivuko, na mtoto aliyeanza kulia kabla hata ya Magharibi. Sikuwa na cha kumpa zaidi ya pole, na nilimpigia simu kesho yake.

Waliobaki waliuona mwezi ukitoka. Karibu na Magharibi, juu ya maji, mkubwa na mweupe uliofifia, na yule mwalimu wa madrasa akasema takbira kwa sauti ndogo. Watu wakaswali, wakarudi. Baada ya isha wengine walikwenda msikitini kwa swala ya kupatwa, na mchanga ukawa umerudi kama Mzee alivyosema. Saa 2:30 mwezi ulikuwa rangi ya shaba. Foleni ya darubini haikukatika. Tulipougeuza mlija kidogo upande wa bahari, Zohali alikuwa hapo, na pete zake mwaka huo zilikuwa zimetulalia ubavu, nyembamba kama sindano iliyopenya tufaha. Mtoto mmoja alikataa kutoka kwenye darubini mpaka bibi yake alipomwambia na yeye ni mgeni wa Zohali.

Binti alikuwa amepata kipande cha mkaa kwa muuza viazi, akachora ukutani duara tatu: jua, dunia, mwezi. Kila kundi lililokuja alilieleza upya.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema Katibu hakusoma herufi tatu, tukamaliza. Alitaka kujiuzulu wiki hiyo na tulimzuia, kwa sababu maelezo hayo hayatoshi. Mtu yeyote anaweza kuruka herufi tatu. Swali langu ni kwa nini kosa hilo lilivuka chumba chenye watu kumi na tisa, wawili kati yao wakijua kwamba si kweli.

Na walijua kwa njia mbili tofauti kabisa. Binti alijua kwa saa ya kimataifa. Mzee alijua kwa mwezi wenyewe. Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, dunia ikiwa katikati yake na jua. Ukiwa ng'ambo ya jua, basi jua likiwa juu wenyewe uko chini ya upeo. Kupatwa saa kumi na moja na nusu jioni, Mombasa, hakuwezekani hata kwa bahati. Hilo halihitaji intaneti. Siku ya tukio ilikuwa katikati ya Mfungo Sita, Maulidi yametoka kusomwa, kila mtu mjini anajua mwezi umefika wapi. Elimu ya kulikamata kosa ilikuwa ndani ya chumba mara mbili, na nilifunga kikao juu yake.

Wiki moja baada ya tukio nilimwuliza Binti kwa nini alishusha kalamu. Alifikiri kidogo. "Mwalimu alikuwa ameshakubali, ami. Ningesema, ingekuwa kama namkosoa mbele za watu. Halafu nikadhani labda mimi ndiye sijui." Nilimwuliza na Mzee. Jibu lake lilikuwa fupi zaidi: "Niliuliza. Mkacheka."

Nimesikia wenzetu wa klabu nyingine wakisema dawa ni kuondoa mambo ya heshima kwenye vikao, kila mtu aseme tu. Sikubaliani nao. Heshima ndiyo inayomfanya babu na mjukuu wakae chumba kimoja kwa saa mbili bila kugombana, na ndiyo iliyomleta Binti kwangu ufuoni na shikamoo kwanza, badala ya kuniumbua mbele ya umati. Mtoto mwenye adabu hatajifungulia mlango. Mwenye kikao ndiye wa kumfungulia. Mimi niliuliza "kuna mwenye la ziada" nikiwa nimesimama, adhana inaita, mkono uko kwenye swichi ya taa. Swali la namna hiyo halitaki jibu, na kila mtu chumbani alilijua hilo.

Mpangilio wa ajenda nao ulichangia. Kilichokuwa na raha kilipata dakika arobaini na tano, na kilichokuwa na watu zaidi ya mia nyuma yake kikapata kumi. Fulana zenyewe, hadi leo hazijashonwa.

Halafu kuna kumbukumbu za kikao. Mzazi alipouliza Ijumaa, hatukurudi kwenye chanzo cha ile saa. Tulirudi kwenye karatasi yetu wenyewe, kana kwamba kuipitisha kulikuwa kumeifanya kuwa kweli. Hili linanisumbua kuliko mengine, kwa sababu karatasi hiyo nilitia sahihi mimi. Ukaguzi wa asubuhi ulikuwa na kasoro ya aina hiyo hiyo: tuliuona ufuo kwa macho yetu, lakini tuliuona kwa saa ambayo hatukuwa na shughuli nayo, na tukaridhika.

Kilichofaa kilikuwa kichache. Kukiri mapema, kabla watu hawajaanza kuulizana, kuliwafanya waliobaki wabaki kwa hiari. Kutaja saa zote nne kulimpa kila familia uwezo wa kupanga. Na kumpa Mzee kipaza sauti kuliigeuza ile saa moja ya kungoja kuwa somo ambalo sisi wenye darubini tusingeweza kulitoa.

Tulichobadilisha

Sasa kila saa inayotangazwa huandikwa kwa namna mbili, 20:30 na saa 2:30 usiku, na aliyeileta husema ameitoa wapi na ni saa ya nchi gani. Jambo linalohusu umma huwa ajenda ya kwanza. Ufuo au uwanja hukaguliwa saa ile ile ya tukio, siku moja kabla, na mtu anayeijua bahari au mtaa huo.

Tulijaribu pia utaratibu wa mdogo kuanza kusema. Haukufaulu. Vijana waliita "sina la kusema" mmoja baada ya mwingine, na Binti alitazama sakafu kuliko siku zote. Kumwita mtoto wa kwanza mbele ya wakubwa kumi na tano kulikuwa ni kumtwisha, na hatukuwa tumemwuliza kama anataka. Tukaacha. Sasa kabla ya kufunga kila ajenda tunagawa vikaratasi, kila mtu anaandika swali moja au shaka moja bila jina, na mimi navisoma vyote kwa sauti, nikiwa nimekaa. Mzee humwambia Binti maneno yake, naye humwandikia.

Kikao kilichopita tulianza kupanga kupatwa kutakakofuata kuonekana kwetu, tarehe 28 Agosti 2026, ambako mwezi utaliwa sehemu tu. Katibu alisoma saa, akaongeza tatu mbele ya wote, akaandika ubaoni: muda mfupi baada ya 5:30, yaani saa 11:30 na kitu alfajiri. Nilisoma vikaratasi. Kimoja kiliandikwa: "Ni saa kumi na moja na nusu tena. Tuhesabu upya." Tukahesabu upya, watu watatu, kila mmoja kwa karatasi yake, na ikatoka vile vile. Kingine kilikuwa kwa mwandiko wa Binti lakini maneno ya Mzee: alfajiri mwezi mpevu unazama bara, si baharini, kwa hivyo ufuoni mtaupa mgongo, na hautakaa saa nzima kabla haujatua. Jumamosi ijayo tunakwenda naye kutafuta mahali pa wazi panapotazama magharibi.